Kushuka kwa pH katika Tangi la Matumbawe

Matumbawe ni wanyama wa bahari ya joto, lakini wengi kati ya watu wanaoyafuga majumbani huishi mbali sana na bahari hiyo. Katika miji kama Berlin na Chicago zimo nyumba ambazo sebuleni mwake pamewekwa tangi la kioo lenye maji ya chumvi, taa kali, samaki wa rangi na matumbawe hai. Aghalabu majira ya baridi yaingiapo, wafugaji hao hukumbwa na tatizo moja. Kipimo cha asubuhi huonyesha kwamba pH ya maji, ambayo wakati wa joto ilikuwa karibu na 8.2, imeteremka hadi 7.8 au hata 7.7. Matumbawe hupunguza kasi ya kukua. Mwenye tangi hutia dawa aliyouziwa dukani. pH hupanda kwa saa chache, kisha hurudi palepale. Hutia tena na tena, mpaka siku moja maji hugeuka meupe kama tui, na chokaa hugandamana juu ya pampu. Mtu huyu ametibu kipimo, hali chanzo cha ugonjwa kimo katika hewa anayoivuta yeye mwenyewe.

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg, watengenezaji wa bia wa mjini Copenhagen. Hueleza wingi wa ioni za haidrojeni zilizomo katika maji. Namba 7 ndiyo ya katikati; chini yake ni asidi, juu yake ni alikali. Msomaji atambue kwamba ngazi hii haipandi kwa hatua zilizo sawa, bali kila hatua moja ni sawa na mara kumi. Kwa hiyo maji yaliyoteremka kutoka 8.1 hadi 7.8, tofauti ambayo kwa macho ni ndogo, yameongeza ioni zake za haidrojeni maradufu. Maji hayo bado ni alikali, wala hayana uchachu wowote wa kuonjeka. Lakini tumbawe hujenga mifupa yake kwa aragonaiti, yaani aina ya kabonati ya kalsi, na kadiri ioni za haidrojeni zinavyozidi ndivyo kabonati iliyo huru majini inavyopungua. Mnyama hulazimika kutumia nguvu nyingi zaidi kujenga kiasi kilekile.

Maji ya bahari ya kawaida yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila kilo. Kalsi ni takriban miligramu 410 kwa lita, na magnesi takriban 1,300. Ualikali, yaani uwezo wa maji kuzimua asidi, ni kiasi cha miliekwivalenti 2.3 hadi 2.5 kwa lita. Ualikali na pH si kitu kimoja, na kuyachanganya mambo haya mawili ndiko kunakowapoteza wengi. Maji yaweza kuwa na ualikali wa kutosha kabisa na bado pH yake ikawa chini, endapo yamebeba kaboni dioksaidi nyingi. Gesi hiyo ikiyeyuka majini hufanya asidi ya kaboniki, ambayo ni dhaifu lakini haikomi kuja maadamu hewa iliyo juu ya maji inayo.

Basi na hewa iliyo juu ya maji ikoje? Nje ya nyumba, hewa ya leo ina zaidi ya sehemu 420 za kaboni dioksaidi katika kila sehemu milioni; kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa karibu 280. Ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya baridi, yenye watu watano, mbwa na jiko la gesi, si ajabu kipimo kupita sehemu 1,000. Tangi lenye ualikali kama wa bahari, likikaa katika chumba cha namna hiyo, litatulia karibu na 7.8, hata likipuliziwa hewa usiku na mchana, kwa kuwa hewa linalopuliziwa ni hiyohiyo. Nyumba za nchi za joto zenye viyoyozi na madirisha yasiyofunguliwa hupatwa na shida hiyo mwaka mzima.

Jaribio moja rahisi laweza kuutambua ugonjwa kabla ya kununua dawa. Mfugaji achote lita moja ya maji ya tangi, apime pH yake, ayapeleke nje na kuyapulizia hewa kwa pampu ndogo muda wa saa moja, kisha apime tena. Ikiwa pH haikupanda, hewa haina hatia. Na apime ualikali, ambao huenda umepungua kwa kuliwa na matumbawe yenyewe, na kwa asidi inayozalishwa na bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki kuwa naitreti. Ikiwa imepanda, tuseme kutoka 7.8 hadi 8.1, maji yalikuwa yamebeba kaboni dioksaidi kupita kiasi. Hapo arudie jaribio akiwa ndani, karibu na tangi. Ikipanda na humo ndani, chumba ni salama ila tangi halipati hewa ya kutosha. Isipopanda, chumba ndicho chenye kosa.

Jaribio hilo litakuwa bure ikiwa kifaa ni kibovu. Karatasi ya litimasi haifai hata kidogo kwa kazi hii. Mita ya pH isahihishwe kwanza kwa miyeyusho miwili ya 7 na 10, na vipimo vichukuliwe alfajiri kabla ya taa kuwashwa na tena jioni. Yako matangi yaliyotiwa dawa nyingi ambayo ugonjwa wake pekee ulikuwa mita isiyosahihishwa.

Tiba ya hewa mbaya ni hewa njema. Dirisha likifunguliwa kiasi, pH hupanda bila gharama. Pale baridi inapozuia, mpira mwembamba hupitishwa ukutani ili chombo cha kutoa povu, ambacho huvuta hewa nyingi na kuichanganya na maji, kivute hewa ya nje badala ya ile ya sebuleni. Wengine hupitisha hewa hiyo kwanza katika mkebe wenye chokaa-soda, ambayo hunasa kaboni dioksaidi na kubadili rangi inapochoka.

Imani ya kwamba changarawe ya matumbawe chini ya tangi italinda pH isishuke ni ya kuachwa. Katika maji ya chumvi ya kawaida aragonaiti haianzi kuyeyuka mpaka pH ishuke hadi karibu 7.7, na wakati huo matumbawe hai yameshadhurika. Bikabonati ya soda ya jikoni, ikiwa safi, huongeza ualikali lakini haipandishi pH. Ikiokwa katika tanuri hugeuka kuwa kabonati, nayo huipandisha. Magadi ya kuchimbwa katika maziwa ya Natron na Magadi yana kabonati nyingi, ila yana floridi pia, madini yaleyale yanayotia meno ya watu wengi wa Arusha rangi ya kahawia. Yasitiwe tangini.

Usiku mimea yote hupumua bila kufanya usanisinuru, na hilo hushusha pH hata baharini. Katika Ghuba ya Chwaka, Unguja, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba majani ya bahari, kwa usanisinuru wake wa mchana, huipandisha pH ya maji yanayoyazunguka, na mwani wenye chokaa ulio jirani hujenga chokaa yake kwa kasi zaidi. Wafugaji wamejifunza kutumia kanuni hiyo. Hupanda mwani katika tangi dogo la pembeni, na kuumulikia taa saa zile ambazo taa za tangi kubwa zimezimwa. Mwani hula kaboni dioksaidi usiku kucha, na pH ya alfajiri haishuki sana.

Dawa iliyodumu kuliko zote ni maji ya chokaa, ambayo Mjerumani Peter Wilkens aliyapigania katika miaka ya 1970. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua chokaa tangu kale: matumbawe yalichomwa kwa kuni, yakamwagiwa maji, yakapatikana haidroksaidi ya kalsi ya kujengea. Tanuri hizo zimekula miamba mingi, Mafia na Mikindani kwa mfano, na chokaa yake ina majivu. Tangi lahitaji chokaa safi ya kiwango cha chakula. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 1.5 hivi, na pH yake hupita 12. Hudaka kaboni dioksaidi na papo hapo kuleta kalsi na ualikali kwa uwiano uleule ambao tumbawe huvitumia.

Nguvu hiyo ndiyo hatari yake. Tangi la lita 200 likipoteza lita 3 kwa siku kwa mvuke, na lita hizo zikirudishwa kwa maji ya chokaa kwa mkupuo mmoja, pH yaweza kuruka kwa zaidi ya nusu ya hatua, na lile tui litokee. Kwa hiyo maji ya chokaa hudondoshwa tone kwa tone, usiku, mahali penye mkondo mkali. Unga wake uachwe utuame na yatumike maji maangavu ya juu tu. Mwenye kuyachanganya avae miwani na glavu, na chombo kifunikwe barabara, kwa maana yakiachwa wazi hunyonya kaboni dioksaidi ya chumbani na kujifanyia utando mweupe, na kufikia asubuhi nguvu yake imepungua.