Kompyuta Imegoma Kuwaka? Fanya Haya Kabla ya Kumtumia Mtu Pesa

Ni jioni ya tarehe 29 Juni. Umekaa chini ufaili ritani zako za KRA kwa sababu kesho ndiyo siku ya mwisho. Unabonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta. Taa inawaka, feni inavuma kidogo, halafu skrini inabaki nyeusi. Unajaribu tena. Safari hii inatokea skrini ya bluu yenye maandishi ya Kiingereza usiyoyaelewa.

Wakati kama huu ndipo watu hupoteza pesa. Kwa haraka, mtu anatuma "kitu kidogo cha kuanzia" kwa fundi asiyemjua. Mwingine anakubali kompyuta ifomatiwe, na hesabu za duka za miaka mitatu zinapotea. Mwingine ananunua diski mpya, kumbe shida ilikuwa flashi iliyosahaulika kwenye mashine.

Huenda unajiuliza: kampuni ya malipo ya simu inatafuta nini kwenye kompyuta? Jibu ni rahisi. Wateja wetu wengi huweka hesabu za biashara humo, na fundi hulipwa kwa simu. Pesa ikishamfikia tapeli, kuirudisha si kazi rahisi. Kwa hivyo shika kanuni hii moja katika somo lote: anza na kisichogharimu kitu, linda faili zako, na usilipe kabla hujajua unalipia nini.

Na kama una kazi ya leo leo, usiifunge kwa kompyuta iliyoharibika. iTax inafunguka hata saiba. Nenda ufaili, toka kwenye akaunti yako ukimaliza, kisha urudi nyumbani ushughulikie mashine bila presha.

Hatua ya 1: Jua shida iko kundi gani

Usianze kubonyeza ovyo. Tazama, sikiliza, halafu uliza: imefika wapi kabla ya kukwama?

- Haiwaki kabisa: hakuna taa, hakuna feni. Shuku stima, chaja au betri.
- Inawaka lakini skrini ni nyeusi. Shuku skrini, kebo au memori.
- Nembo ya kampuni inaonekana, lakini Windows haifunguki. Shuku diski au Windows yenyewe.
- Inafunguka vizuri, kisha inaganda au kujizima ukiitumia. Shuku joto, programu au memori.

Ukiona ujumbe wa kosa, upige picha kwa simu kabla haujapotea. Maneno hayo na namba zake ndiyo yatakayomsaidia fundi, na ndiyo yatakayokuzuia kudanganywa.

Hatua ya 2: Ikiwa haiwaki kabisa

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Simu isipochaji, shida si kompyuta. Ikichaji, chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani bila ekstensheni. Kwa kompyuta ya mezani, angalia swichi ndogo ya nyuma karibu na kebo ya stima. Mtoto au mtu anayefagia huizima bila kujua.

Kwa laptopu, fanya hivi: chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, uwashe. Hatua hii humaliza umeme uliobaki ndani, na mara nyingi mashine iliyoonekana kufa huamka. Ikiwaka kwa chaja lakini ikakataa kwa betri, umeshajua: ni betri, si ubao mkuu.

Hatua ya 3: Ikiwa inawaka lakini skrini ni nyeusi

Kwanza ongeza mwanga wa skrini. Usicheke, hutokea. Kisha chomoa kila kitu cha ziada: flashi, printa, kipanya, kadi ya kumbukumbu. Jaribu tena. Kama una televisheni yenye HDMI, iunganishe na laptopu. Picha ikitokea kwenye TV, kompyuta ni nzima. Skrini au kebo yake ndiyo mbovu.

Kama Windows imeshafunguka ila huoni kitu, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hii huanzisha upya mfumo wa picha bila kufunga kazi yako.

Je, inapiga milio, mfano mlio mrefu na mifupi? Hesabu milio hiyo na uiandike. Ni lugha ya mashine, na kila kampuni ina maana zake. Sababu ya kawaida ni memori kulegea. Kwenye kompyuta ya mezani unaweza kuizima, kuchomoa stima, kugusa chuma cha kasha kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha kuchomoa vipande vya memori na kuvirudisha mpaka vikaze. Kama huna uhakika, hii mwachie fundi.

Hatua ya 4: Ikiwa Windows haifunguki

Ukiona ujumbe kama "No bootable device" au "Operating system not found", chomoa flashi na diski za nje, uwashe tena. Kompyuta huenda ilikuwa inatafuta Windows kwenye flashi ya nyimbo.

Ukisikia diski ikigonga "tak, tak, tak", zima mara moja. Diski hiyo inaelekea kufa, na kila ukiiwasha unaweza kuiharibu zaidi. Hapo kazi yako ni kuokoa faili kwanza.

Skrini ya bluu, ambayo kwenye matoleo mapya ya Windows 11 ni nyeusi, haimaanishi kwamba kompyuta imekufa. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 duniani zilikwama namna hiyo, viwanja vya ndege na hospitali zikiwemo. Chanzo kilikuwa faili moja mbovu kwenye sasisho la programu ya usalama ya CrowdStrike. Hakuna kipuri kilichoungua. Kwenye kompyuta nyingi, watu waliingia sehemu iitwayo Safe Mode, wakaifuta faili hiyo, na mashine zikarudi.

Nawe unaweza kuingia huko. Washa kompyuta, na nembo ikitokea, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka izime. Rudia mara mbili au tatu mfululizo. Baada ya hapo Windows hufungua yenyewe ukurasa wa ukarabati. Fuata mpangilio huu:

1. Chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options".
2. Jaribu "Startup Repair" kwanza. Hutafuta na kurekebisha makosa ya kuwaka bila kugusa faili zako.
3. Ikishindikana, chagua "Startup Settings", kisha "Restart", halafu bonyeza 4. Hiyo ndiyo Safe Mode, yaani Windows ikiwa na vitu vya lazima tu.
4. Ikifunguka vizuri kwenye Safe Mode, vipuri vyako huenda ni vizima. Shida ni programu, sasisho au draiva uliyoweka karibuni. Nakili faili zako papo hapo.
5. Rudi kwenye "Advanced options", uchague "Uninstall Updates" au "System Restore" ili kurudisha mambo yalivyokuwa kabla ya tatizo. System Restore haifuti nyaraka wala picha zako, ila programu ulizoweka baada ya tarehe hiyo zitaondoka.

"Reset this PC" iache iwe ya mwisho. Ukifika hapo, chagua "Keep my files". Ukichagua "Remove everything", kweli kila kitu kitaondoka.

Hatua ya 5: Ikiwa inaganda au kujizima yenyewe

Gusa sehemu ya chini. Kama ni moto sana, tatizo ni hewa. Laptopu iliyowekwa juu ya kitanda au blanketi haipumui. Iweke mezani na usafishe vumbi kwenye matundu yake. Kisha angalia kama diski imejaa. Windows inahitaji nafasi ya kufanyia kazi. Mwisho, andika "Windows Memory Diagnostic" kwenye sehemu ya kutafuta na uache kompyuta ijipime memori.

Kuna kosa moja linalosumbua sana mashine za ex-UK na nyingine zilizozeeka: saa inarudi nyuma miaka kila ukichomoa stima. Hapo tovuti nyingi, hata za benki na serikali, hukataa kufunguka zikisema muunganisho si salama. Watu hudhani wamefungiwa akaunti. Mara nyingi ni betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mkuu. Kwa kompyuta nyingi za mezani jina lake ni CR2032, na ni kitu cha bei ndogo. Usikubali kuuziwa ubao mkuu mpya kwa ajili yake.

Ufunguo wa tarakimu 48

Baada ya ukarabati, kompyuta nyingine huonyesha skrini ya BitLocker na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Usiogope, hujadukuliwa. Ni kufuli inayolinda diski. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Tumia simu kufungua account.microsoft.com/devices/recoverykey, uingie kwa barua pepe uliyosajilia kompyuta. Ukipotea, hata Microsoft yenyewe haiwezi kukutengenezea mwingine. Kwa hivyo utafute leo, kompyuta ikiwa nzima, uuandike, na uutunze kama PIN yako.

Jihadhari: skrini inayokupa namba ya simu

Kuna skrini nyingine ambayo si kosa la kompyuta bali ni mtego. Unavinjari, mara ukurasa unajaa skrini nzima, king'ora kinalia, na ujumbe unasema kompyuta ina virusi, piga namba hii haraka. Elewa hili: ujumbe halisi wa kosa kutoka Microsoft haubebi namba ya simu. Ukiona namba, huyo ni tapeli.

Usipige. Bonyeza Alt na F4, au Ctrl, Shift na Esc kisha ufunge kivinjari. Ikigoma, shikilia kitufe cha kuzima.

Wanaopiga huambiwa waweke programu ya kuiona kompyuta kutoka mbali, kisha walipe, na mwishowe huombwa PIN "ili kuthibitisha malipo". PIN yako haitengenezi kompyuta. Hakuna fundi, wala mfanyakazi wetu, anayeihitaji.

Kama umeshatuma pesa, wasiliana nasi mara moja kupitia njia zetu rasmi ukiwa na ujumbe wa muamala. Kisha, kwa kutumia simu na si kompyuta hiyo, badilisha PIN na nywila ya barua pepe yako.

Ukiamua kumwita fundi

Hakuna aibu kumwita fundi. Wazuri wapo wengi. Ila mkubaliane mapema:

- Mwonyeshe picha ya kosa na umweleze ulichojaribu. Atajua wewe si wa kubahatisha.
- Aseme kilichoharibika kabla ya kutaja bei ya kipuri.
- Akisema "tutaifomati tu", mwambie anakili faili kwanza. Hata Windows ikikataa, faili zinaweza kutolewa kwa kuwasha mashine na flashi ya Linux au kwa kuichomeka diski kwenye kompyuta nyingine.
- Kipuri kikibadilishwa, kile cha zamani urudishiwe.
- Lipa kwa till au paybill ya duka. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na utunze ujumbe wa muamala. Huo ndio ushahidi wako mkitofautiana.
- Usiache PIN wala nywila imeandikwa kwenye daftari ndani ya begi la laptopu.

Zuia kabla haijatokea

Stima ikipotea, chomoa kompyuta, kwa sababu inaporudi huja na nguvu inayoweza kuunguza vipuri. Kila Ijumaa nakili hesabu zako kwenye flashi au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Faili iliyo mahali pamoja tu ni kama haipo. Na kama bado unatumia Windows 10, kumbuka kwamba Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo panga kuhamia Windows 11 ikiwa mashine yako inaikubali.

Kwa ufupi

Tulia. Piga picha ya kosa. Chomoa vitu vya ziada. Jaribu Startup Repair, kisha Safe Mode. Nakili faili kabla ya lolote kubwa. Halafu, kama bado kuna haja, lipa fundi unayemjua, kwa kazi unayoielewa. Hifadhi somo hili kwenye simu yako leo, maana siku kompyuta itakapogoma hutaweza kulisoma kwenye kompyuta.