Mtoto Akitanguliza Matako: Mikono Isivute

Katika mimba 100 zilizotimiza miezi yake, 3 au 4 huwa na mtoto aliyekaa matako chini, kichwa kikiwa juu penye mbavu za mama. Kwenye wiki ya 28 si ajabu, wengi bado hugeuka wenyewe. Wanaobaki hivyo hadi mwisho wanastahili kuzaliwa hospitalini, penye chumba cha upasuaji. Kwa jamaa za vijiji vya Fungurume, kusini mwa Kongo, safari hiyo hupangwa kabla uchungu haujaanza.

Mama huanza kuhisi mwenyewe: kitu kigumu cha mviringo chini ya mbavu, mateke yanapiga karibu na kibofu. Kwenye kliniki ya wajawazito (CPN) mkunga hushika tumbo, na mapigo ya moyo wa mtoto huyasikia juu ya kitovu. Ikifika wiki ya 36 mtoto hajageuka, mama apelekwe kwa daktari. Daktari anaweza kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, na karibu nusu ya watoto hukubali, lakini ni hospitalini tu, moyo wa mtoto ukifuatiliwa. Kukandwa tumbo kwa nguvu nyumbani kunaweza kubandua kondo la nyuma, na mama akavuja damu hadi kufa.

Barabara kuu kati ya Likasi na Kolwezi hujaa malori ya migodi, na mvua za Novemba hadi Aprili huharibu njia za mashambani. Basi pesa ya gari itengwe mapema, hata kwa likelemba (mchango wa zamu) ya wamama, na anayelima mbali asogee karibu na hospitali kabla ya siku zake.

Mwaka 2000 utafiti mkubwa ulioongozwa na Mary Hannah, wanawake 2,088 katika nchi 26, ulionyesha kwamba upasuaji uliopangwa huokoa watoto wengi zaidi wa namna hii. Baada yake nchi nyingi ziliacha kuwazalisha kwa njia ya kawaida, na wakunga vijana wakakosa pa kujifunzia. Hiyo ni hasara kubwa, maana kuna usiku ambapo matako yanatokea mlangoni kabla gari halijafika.

Usiku huo aitwe mkunga aliyesomea kazi, na gari liendelee kutafutwa. Mama asisukume mpaka mlango wa uzazi umefunguka wote. Akiharakisha, mwili mwembamba hupita na kichwa hukwama. Wengi huzaa vizuri wakipiga magoti na kushika chini kwa mikono. Mgongo wa mtoto uelekee upande wa tumbo la mama.

Kisha mkunga hungoja. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa kuwa jamaa wanaoona miguu inaning'inia hupiga kelele avute. Asivute! Mtoto akivutwa, mikono yake hupanda juu ya kichwa na kidevu huinuka, na kichwa kilichoinuka hakipiti. Uchungu wenyewe humshusha hadi kitovu, kisha mabega. Akihitaji msaada, ashikwe nyonga kwa kikwembe safi, kamwe si tumbo. Zikipita dakika 3 tangu kitovu kitokee na kichwa bado, mkunga mwenye ujuzi hulaza mwili wa mtoto juu ya mkono wake, huweka vidole kwenye mifupa ya mashavu na kukunja kichwa kuelekea kifua.

Kamba ya kitovu ikitangulia mbele ya mtoto, jambo linalotokea zaidi miguu ikitangulia, hairudishwi ndani wala haishikwishikwi. Mama apige magoti, kifua kikiwa chini na makalio juu, asafirishwe mara moja.

Mtoto aliyetanguliza matako anaweza kutoka mlegevu. Akaushwe haraka, asuguliwe mgongo. Asipopumua, mkunga ampe hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Akilia, alazwe ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, wafunikwe pamoja. Kinyesi cheusi kilichotoka wakati wa kuzaliwa ni cha kawaida kwake, kwa vile tumbo lilibanwa. Miguu inaweza kubaki imenyooka kuelekea usoni siku kadhaa. Isikunjwe kwa nguvu. Mama awaambie wauguzi wa kliniki ya watoto (CPS) kwamba mtoto alitanguliza matako, ili wakague nyonga zake, kwani watoto hawa hupata kuteguka nyonga zaidi kuliko wengine.