Kumpima Mshambuliaji kwa Daftari: Mwongozo kwa Viongozi wa Timu za Mashewa

Mwongozo huu umeandikwa kwa makatibu, makocha na wajumbe wa kamati za timu za mpira katika Kata ya Mashewa, Wilaya ya Korogwe, hasa wanaoshughulikia timu jioni baada ya kutoka shambani, dukani au darasani. Unahusu jambo linalozua ubishi kila usajili unapofika: nani mshambuliaji bora?

Wengi hujibu kwa kutaja mwenye magoli mengi. Jibu hilo halitoshi. Msimu wa 2022/23, Fiston Mayele wa Yanga na Saidi Ntibazonkiza wa Simba walimaliza Ligi Kuu na magoli 17 kila mmoja. Ukiishia hapo, wamelingana. Lakini magoli 5 ya Ntibazonkiza yalipatikana katika mechi moja, Juni 2023, Simba ilipoifunga Polisi Tanzania 6-1, na Polisi ilishuka daraja msimu huohuo. Isitoshe, Ntibazonkiza alikuwa kiungo, si mshambuliaji wa kati, na msimu ule aliuanza akiwa Geita Gold. Simnyimi haki yake; kufunga matano kwa siku moja ni kazi kubwa. Ila namba 17 peke yake haisemi lolote kati ya hayo.

Marekani ubishi wa namna hii umedumu kwa miongo mingi katika besiboli. Mpigaji alisifiwa kwa idadi ya wenzake aliowaingiza nyumbani, yaani waliopata pointi kwa pigo lake, ilhali idadi hiyo hutegemea wangapi wamekwisha kufika vituoni kabla zamu yake haijafika. Mwandishi Bill James alianza kuipinga hesabu hiyo kwa maandishi miaka ya 1970. Mwaka 2002 Oakland, timu ya bajeti ndogo, ilithamini zaidi wachezaji wanaofika kituoni kwa njia yoyote, ikashinda mechi 103. Mshambuliaji wetu naye anaishi kwa krosi za wenzake.

Kwa hiyo fungueni daftari la kaunta. Kila mechi, kila mchezaji apewe mstari wake: dakika alizocheza, magoli, penalti, pasi za magoli, na jina la aliyempa mpira kila alipofunga. Andikeni palepale uwanjani. Ukisubiri hadi usiku, "dk 63, penalti" itageuka kuwa "alifunga kwa kichwa", na hakuna atakayekuwa amedanganya kwa makusudi.

Kisha gawanyeni magoli kwa dakika, mzidishe kwa 90. Chukueni mfano wa kijana aliyefunga 9 kwa dakika 1,620: anapata 0.5 kwa kila mechi nzima. Mwenzake anayeingia kipindi cha pili amefunga 6 kwa dakika 540: anapata 1. Sasa toeni penalti. Kama magoli 4 ya yule wa kwanza yalikuwa ya penalti, anabaki na magoli 5, yaani chini kidogo ya 0.3. Mfungaji bora wa kijiweni ameachwa mbali na kijana wa benchi.

Hata hivyo msikimbilie kumpa namba. Anayeingia wakati mabeki wamechoka ana nafuu, basi mwanzisheni mechi kadhaa, mwendelee kuhesabu. Mechi 3 au 4 ni chache mno kumwacha mtu au kumsajili.

Safu ya pasi ndiyo ninayoililia zaidi. Winga anayetajwa mara 7 kama mtoaji wa mpira, naye hana goli hata moja, ndiye huachwa wa kwanza nauli ikipungua. Kumwacha ni kosa la kiufundi, na ni dhuluma pia, kwa sababu kazi yake imo katika magoli ya mwingine.

Kabla mechi ya kwanza haijaanza, mteueni mtu mmoja asiyecheza, mpeni daftari, kalamu na saa, naye asiondoke pembeni mwa uwanja hadi filimbi ya mwisho.