Chuoni Asoma, Shuleni Bubu

Shangazi, mwanangu yuko Gredi ya 7 hapa Pate. Muhula uliopita alijibu swali darasani akasema "ndia" badala ya "njia". Mwalimu, ambaye ni mgeni kisiwani, akamwigiza, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo hafungui kinywa. Sasa ripoti imekuja: "Mzito, hashiriki." Lakini maalimu wake wa chuo cha Kurani asema hana mwanafunzi mwepesi kama yeye. Babake ataka kumpeleka Mombasa kwa ami yake. Nifanyeje?
Mama Mwenye Wasiwasi, Pate

Mama mwenzangu,

Mtoto hawi mzito asubuhi akawa mwepesi jioni. Akili ni ile ile. Kinachotofautiana ni sikio analolikuta.

Tazama chuo kinavyoendeshwa. Watoto wamekaa mkekani, kila mmoja na juzuu yake, na kila mmoja huitwa kusoma mbele ya maalimu pale alipofikia. Maalimu ajua nani amekwama wapi. Mwalimu wa shule ana darasa kubwa na silabasi ya kumaliza, hilo nalielewa. Hata hivyo, angemwita mwanao kando akamuuliza, "Mbona umenyamaza?", asingeandika neno "mzito".

Tena hiyo "ndia" haina aibu. Mwana Kupona, mzaliwa wa hapo hapo Pate, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 kwa Kiswahili cha kaskazini kama hicho chenu, na hadi leo unasomwa. Mwanao afundishwe Kiswahili sanifu cha mtihani, ila kile cha mamake kisivunjiwe heshima.

Kwanza, kaa naye faraghani umwache aseme mpaka amalize. Kisha nendeni pamoja kwa mwalimu, na mtoto mwenyewe ndiye aeleze. Usiende kwa shari. Huenda mwalimu amekwisha kukisahau kicheko kile. Mwombe amsikilize akisoma wakiwa wawili tu, kabla ya kumsimamisha tena mbele ya wenzake. Akikataa, mwone mwalimu mkuu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kiakili kama inavyokataza kumpiga.

Mwambie babake asubiri. Mtoto akiondoka leo, ataabiri na ukimya wake hadi Mombasa. Na apate kwanza wa kumsikiliza hapo hapo Pate.

Shangazi yako