NDEGE WA MATETE WA BASRA NA DALILI ZAKE

Mwezi wa Novemba na Desemba, ukungu ushukapo usiku juu ya vilima vya Ngulia katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ndege wengi wadogo watokao kaskazini huvutwa na taa za hoteli iliyo hapo. Tangu mwaka 1969 wataalamu huwanasa kwa nyavu nyembamba, huwavika pete miguuni, huwapima, kisha huwaachilia. Baadhi ya ndege hao huwasumbua hata mabingwa, kwani wote ni wa rangi ya kahawia isiyo na doa, na wote hupenda kujificha vichakani.

Miongoni mwao yumo ndege wa matete wa Basra. Zamani alihesabiwa kuwa namna tu ya yule ndege mkubwa wa matete wa Ulaya, na kumchanganya naye si kosa dogo. Wale wakubwa ni wengi, lakini huyu wa Basra amo katika hatari ya kutoweka. Huzaa hasa katika vinamasi vya Iraki, penye mito ya Frati na Hidekeli. Baada ya mwaka 1991 vinamasi hivyo vilikaushwa kwa mifereji na maboma, hata sehemu kubwa ikawa nchi kavu. Mwaka 2003 wenyeji walianza kubomoa maboma na maji yakarudi, ingawa si kila mahali. Wakati wa baridi ya kwao ndege huyu huja Kenya, Tanzania na Msumbiji. Basi akiandikwa daftarini kwa jina la mwenziwe, ni kana kwamba hakufika.

Mtazamaji na aanze na mdomo. Wa Basra una mdomo mrefu, mwembamba, mfano wa sindano ya kushonea magunia; wa yule mkubwa ni mnene na wenye nguvu. Kisha atazame mgongo: wa Basra ni kahawia iliyofifia, yenye kuelekea kijivu, na tumbo lake ni jeupe zaidi. Mwenziwe ana wekundu kidogo mgongoni, na ubavu wake ni kama rangi ya mchanga. Juu ya jicho la Basra pana mstari mweupe ulio dhahiri. Mkia ni mweusi-mweusi, na miguu ni ya kijivu.

Lakini rangi hudanganya, hasa chini ya taa, au manyoya yakiwa yamechujuka kwa jua. Ndiyo sababu rula haikosekani mezani. Bawa la Basra hupungua milimita 90. La yule mkubwa kwa kawaida huzidi hapo. Hata hivyo, ncha za manyoya zikiwa zimelika, bawa huonekana fupi kuliko lilivyo. Kwa hiyo mpimaji hukagua ncha kwanza, ndipo alazapo bawa juu ya rula, kisha huutazama mdomo mara ya pili kabla ya kuandika jina.