Tone Lile Halikuwa la Mvua

Masika ya mwaka jana nilishika nafasi ya pili kwenye shindano la picha hapa chuoni. Mada ilikuwa "Mvua". Nilipeleka picha ya jani la mgimbi, matone yamejipanga ukingoni kama shanga, na chini yake nikaandika: "Baada ya mvua." Nikapewa elfu hamsini, nikaila wiki hiyohiyo.

Siku tatu baadaye mwenzangu wa chumba, anayesoma botania, akaiangalia picha kwenye simu yangu. "Kaka, mbona matone yote yako ukingoni? Hiyo mvua ilikuwa inachagua?"

Nitarudi kwenye swali lake. Kwanza nieleze picha kama hizi zinapigwaje, maana wengi mmeniuliza.

Lenzi ninayoipenda ni ya mtumba, milimita 50, ya zamani, yenye duara la kuzungusha kwa mkono ili kubana tundu la mwanga. Naifunga kinyumenyume kwa pete maalumu, upande wa mbele ukiangalia ndani ya kamera. Ikigeuzwa hivyo, tone la milimita 4 linakaribia kuchukua milimita 4 hizohizo kwenye sensa. Lenzi mpya zisizo na duara hilo zinasumbua, kwa sababu ukizigeuza, kamera haiwezi tena kuliamuru tundu. Na fokasi? Unasogeza mwili mbele na nyuma, taratibu, umebana pumzi.

Shida kubwa ni kwamba sehemu inayotoka kwa ukali ni nyembamba mno. Kwa f/8 haifiki milimita moja. Ukikimbilia f/22 ili uiongeze, picha nzima inafifia, kwani mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana hutawanyika. Mimi nabaki kati ya f/8 na f/11, ISO 800, kasi 1/200, na flashi ndogo iliyofunikwa kwa karatasi nyeupe. Natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaanza.

Halafu kuna ule mchezo wa ua ndani ya tone. Tone nalo ni lenzi: linapinda mwanga na kukuonyesha ua lililo nyuma yake likiwa kichwa chini. Kwa muda mrefu nilikuwa nafokasi kwenye ukingo wa tone, ua linatoka na ukungu. Kumbe, kwa tone la mviringo, taswira ile haikai ndani. Inajiunda mbele ya tone, upande wa kamera, kwa umbali wa karibu nusu ya upana wake. Kwa hiyo ukingo ukishakuwa safi, rudi nyuma kidogo. Kwa tone la milimita 4, ni milimita chache tu.

Sasa lile swali. Usiku ule mvua haikunyesha. Ilinyesha juzi yake. Udongo ukiwa umeloa na hewa ina unyevu mwingi, mizizi huendelea kufyonza maji usiku, wakati vitundu vya jani vya kupitisha hewa vimefungwa. Maji yanasukumwa juu na kutokea kwenye vijitundu vya ukingoni na nchani. Mvua haikai hivyo kwenye mgimbi: jani lina vijinundu vidogo sana vyenye nta, tone linajiviringa na kuteleza.

Nilipiga magoti mbele ya jani lile dakika arobaini nikihesabu milimita, na sikujiuliza hata mara moja maji yametoka wapi.

Nikaenda kwa waandaaji nikawaambia. Wakasema yameshapita hayo, niache tu. Nikashindwa, maana aliyeshika nafasi ya tatu alilowa kwelikweli kwa ajili ya picha yake. Bumu lilipoingia nikarudisha elfu hamsini, akapewa yeye. Picha yangu wameiacha ubaoni, ila maelezo nimeyabadilisha kwa mkono wangu: "Mgimbi, alfajiri. Haikunyesha."

Masika haya ukitoka na kamera, hata kama ni ya simu, kabla hujafokasi angalia kwanza tone limekaa wapi kwenye jani. Halafu muulize mtu wa botania. Mimi wangu namuuliza kila picha siku hizi, na bado ananicheka.