SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: TUHESABU JOTO KABLA YA KUNUNUA MTAMBO WA BARIDI



Mvuvi wa Msimbati au wa Msangamkuu afikishaye changu na jodari pwani asubuhi ana saa chache tu za kuiokoa bei yake. Samaki aliyelazwa katika barafu tangu atoke majini hudumu kwa siku kadhaa. Yule aliyeachwa juani huanza kuharibika kabla ya adhuhuri. Kwa sababu hiyo, chama cha wavuvi kikipata akiba, aghalabu shauri la kujenga chumba cha baridi hufika mkutanoni mapema.

Hapo huzuka swali: mtambo wa ukubwa gani? Mara nyingi jibu huachiwa muuzaji. Yeye hutazama chumba, hukadiria kwa macho, hutaja bei. Mtambo ukiwa mdogo mno, samaki huoza na deni hubaki. Ukiwa mkubwa mno, chama hutoa fedha zisizo za lazima, na mtambo huwaka na kuzima kila mara hata ukachakaa kabla ya wakati wake. Somo hili lakusudia kumwezesha katibu mwenye kalamu, karatasi na futi ya kupimia kulipata jibu hilo mwenyewe kabla hajatia sahihi.

1. KANUNI

Katika nchi za Ulaya, fundi hukokotoa joto litokalo chumbani wakati wa baridi kali, ndipo achague chombo cha kupashia chumba moto. Kwetu Mtwara safari ya joto ni kinyume: hutoka nje likaingia ndani. Hesabu, hata hivyo, ni ileile.

Ni vema kukumbuka mambo mawili. Kwanza, joto huenda daima kutoka palipo na moto kwenda palipo na baridi. Ukuta hauwezi kulizuia kabisa. Waweza kulichelewesha tu. Pili, mtambo hautii baridi chumbani, bali hutoa joto lililoingia. Basi ukubwa wa mtambo hutegemea wingi wa joto hilo.

Joto lipitalo katika ukuta, dari au sakafu hupatikana hivi:

Joto (wati) = eneo (mita za mraba) × tofauti ya joto la nje na la ndani (digrii) × kipimo cha upitishaji.

Kipimo cha upitishaji hutegemea kitu kilichojengewa na unene wake. Kwa ukuta wa matofali ya saruji uliopigwa lipu, tuchukue 2.5. Ukuta huohuo ukiongezewa sentimita 10 za povu gumu jeupe, lile lifungiwalo redio na televisheni katika maboksi, tuchukue 0.4.

Kanuni ya pili itufae kugeuza wati kuwa barafu. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hunywa kilojuli 334 za joto. Wati 1 ikiingia mfululizo kwa saa 24 hufanya kilojuli 86.4. Kwa hiyo kila wati 4 huyeyusha takriban kilo 1 ya barafu kwa siku. Gawanya wati kwa 4, utapata kilo za barafu.

2. CHUMBA CHA MFANO

Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2.5 na kimo cha mita 2.2. Ndani twataka digrii 0. Nje, msimu wa kaskazi, tuhesabu digrii 30. Bati lililopigwa na jua huwa na moto kuliko hewa, basi juu ya dari tuhesabu digrii 45. Chini ya sakafu tuhesabu digrii 27.

Maeneo ni haya: kuta zote nne, mita za mraba 24.2, dari 7.5; sakafu 7.5.

Kwanza, chumba kisicho na kizuizi cha joto. Dari ya mbao nyembamba tuipe kipimo cha 2.5 kama kuta. Sakafu ya zege iliyolala juu ya udongo tuipe 1.

Kuta: 24.2 × 30 × 2.5 = wati 1,815
Dari: 7.5 × 45 × 2.5 = wati 844
Sakafu: 7.5 × 27 × 1 = wati 202
Jumla: wati 2,861

Pili, chumba kilekile kilichozungushiwa povu la sentimita 10 pande zote:

Kuta: 24.2 × 30 × 0.4 = wati 290
Dari: 7.5 × 45 × 0.4 = wati 135
Sakafu: 7.5 × 27 × 0.4 = wati 81
Jumla: wati 506

Tofauti ni wati 2,355. Tukigawanya kwa 4 twapata karibu kilo 590 za barafu. Hicho ndicho kiasi ambacho chumba kisicho na povu hukila bure kila siku, hata kama hamna samaki hata mmoja ndani.

3. MLANGO, SAMAKI NA WATU

Kuta si njia pekee ya joto. Mlango ukifunguliwa, hewa nzito ya baridi humwagika chini na hewa ya nje huingia mahali pake. Hewa ya pwani hubeba mvuke mwingi, na mvuke ukigeuka maji hutoa joto zaidi. Kwa hali ya Mtwara, kila mita ya ujazo ya hewa ya nje huleta yapata kilojuli 85. Chumba chetu kina mita za ujazo 16.5; basi hewa yote ikibadilika mara moja huingia kilojuli 1,400, sawa na zaidi ya kilo 4 za barafu. Ikibadilika mara 20 kwa siku, ni kilojuli 28,000, yaani wati 325 kwa wastani wa saa 24.

Kisha samaki wenyewe. Kilo 1 ya samaki hutoa takriban kilojuli 3.6 kwa kila digrii ashukayo. Kilo 300 zikishushwa kutoka digrii 28 hadi 0:

300 × 28 × 3.6 = kilojuli 30,240, sawa na wati 350 kwa wastani wa siku.

Kiasi hicho chahitaji kilo 90 tu za barafu, pungufu ya theluthi moja ya uzito wa samaki. Hata hivyo, wavuvi wa nchi za joto hushauriwa kutia kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya samaki. Je, nyingine huenda wapi? Huliwa na kuta, hewa na jua. Mwanachama hulipia barafu tatu, samaki wake akapata moja.

Kwa taa na watu waingiao na kutoka, tuongeze wati 50.

4. UKUBWA WA MTAMBO

Sasa tujumlishe chumba chenye povu: 506 + 325 + 350 + 50 = wati 1,231.

Mtambo haupaswi kufanya kazi saa zote 24. Lazima upumzike ili theluji iliyoganda juu ya mabomba yake iyeyuke, na umeme nao huweza kukatika. Tuhesabu saa 16 za kazi: 1,231 × 24 ÷ 16 = wati 1,847. Tuongeze sehemu moja ya kumi kwa tahadhari: takriban wati 2,030. Basi chama chahitaji mtambo wa kutoa kilowati 2 za joto.

Kwa chumba kisicho na povu: 2,861 + 325 + 350 + 50 = wati 3,586. Kwa njia ileile twafikia takriban wati 5,900. Ni mtambo unaokaribia mara tatu ya ule wa kwanza, kwa chumba kilekile na samaki walewale. Tena bei ya mtambo hulipwa mara moja, lakini umeme hulipwa kila mwezi. Ndiyo maana twasema: fedha ya kwanza iende ukutani, ya pili iende kwenye mtambo.

5. TAHADHARI TATU

(a) Wati za joto litolewalo si wati za umeme uliwao. Mtambo wa kutoa kilowati 2 za joto huweza kula yapata nusu yake kwa umeme. Katibu aulize namba zote mbili, aandikiwe.

(b) Mtambo hupungukiwa na nguvu pale hewa ya nje izidipo kuwa moto. Muuzaji aeleze uwezo wake hewa ya nje ikiwa digrii 35 na chumba kikiwa digrii 0. Namba iliyopimwa katika hewa baridi isikubaliwe.

(c) Kizuizi kilicholowa si kizuizi tena. Mvuke wa hewa yetu hupenya kutoka nje kuelekea kwenye baridi na kugeuka maji ndani ya ukuta. Kwa hiyo karatasi ya nailoni iwekwe upande wa nje wa povu, upande wenye joto, na maungo yake yazibwe. Aliyekosa povu aweza kutumia unga wa mbao mkavu, lakini unene wake uwe karibu maradufu, na ulindwe zaidi na maji.

6. KAZI YA BODI

Bodi isipeleke ombi la mkopo mbele ya mkutano mkuu bila karatasi ya hesabu hii. Wanachama ndio watakaolilipa deni kwa samaki wao. Wanayo haki ya kuona namba ilivyopatikana. Karatasi hiyo ihifadhiwe katika jalada pamoja na hati za bei za wauzaji, ili mjadala uwe juu ya hesabu na si juu ya maneno matamu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika chama chenu, mlango wa ghala la samaki hufunguliwa mara ngapi kwa siku? Mwekeni mtu ahesabu kwa siku tatu.

2. Je, kivuli cha makuti juu ya bati kingeshusha joto la dari kutoka digrii 45 hadi 32, dari ya chumba cha kwanza ingepitisha wati ngapi?

3. Sanduku la barafu la mashua lina urefu wa mita 1, upana wa mita 0.6 na kimo cha mita 0.6. Nje ni digrii 30, ndani 0. Likiwa la mbao tupu, kipimo ni 3. Likiwa na sentimita 5 za povu, kipimo ni 0.8. Kila moja hupoteza kilo ngapi za barafu kwa siku kupitia pande zake?

Majibu: Swali la 2, wati 600 badala ya 844. Swali la 3, eneo ni mita za mraba 3.12, sanduku la mbao hupitisha wati 281, yaani kilo 70 za barafu, lenye povu hupitisha wati 75, yaani kilo 19.